Ulevi wa Miadi

Adelaide, Australia Kusini

Baba Mdogo, mwambie Mama Mdogo kwamba lile swali lake la kama huku kuna chai, jibu ni ndiyo, ipo, na majani mengine yanatoka Afrika.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ukija mwezi Machi nikupeleke bonde la Barossa, "siku moja tu, tuzungukie viwanda kumi vya mvinyo, tuonje, turudi nyumbani tule." Baba, nimecheka, kisha nikakaa kitako nikaanza kupanga. Hata vinne ni vingi.

Umbali si tatizo. Kutoka hapa ni kilomita 70 hivi, mwendo wa saa moja, barabara ya lami mwanzo mwisho. Tatizo ni kwamba huku mtu haamki tu akaenda kunywa. Anaweka miadi. Unachagua siku, saa na idadi ya watu, sehemu nyingi unalipia kuonja, kisha unajazishwa fomu ya maswali. Mojawapo ni kama kuna mgeni mwenye mzio wa chakula. Nimejibu kwamba Baba Mdogo ana mzio wa kusubiri chakula. Na wakiandika saa nne na nusu, ni saa nne na nusu kwelikweli, si ile ya kikao cha harusi ambapo saa nane watu ndio kwanza wanatafuta viti. Ukichelewa, meza wanapewa wengine, na utaombwa radhi kwa upole mwingi sana huku umesimama nje.

Ukishakaa, utaletewa glasi tano au sita, kila moja ina mvinyo wa kulowesha ulimi tu. Usiguse kwanza. Mhudumu ataanza kueleza udongo, mteremko, mvua ya mwaka ule, mti uliochongewa pipa, na miezi ambayo mvinyo ulikaa humo. Ni kama kusomewa wasifu wa marehemu kabla ya kupakuliwa wali. Vumilia. Na akimaliza, tafadhali usiseme "ongeza."

Halafu kuna kindoo. Kitakuwa mbele yako mezani, kisafi, kinang'aa. Kazi yake ni kutemea. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, wanavuta mvinyo mdomoni, wanausukutua mpaka unasikia sauti, wanatazama dari, kisha wanautema. Na wameulipia. Sikulazimishi uteme, Baba. Nakuomba tu usiulize kwa sauti kama yule bwana anaumwa.

Wanaotema wana hesabu zao. Sheria hapa inataka dereva wa kawaida asifikishe pombe gramu 0.05 kwa kila mililita 100 za damu, na polisi wana ruhusa ya kumsimamisha mtu yeyote na kumpa kipimo apulize, hata kama gari linakwenda sawasawa. Hakuna kuongea vizuri na afande. Sasa glasi tano hapa, sita pale, nani anajua amemeza kiasi gani? Ndiyo maana kabla ya kuchagua kiwanda nilimtafuta dereva. Nimempata, naye ni swahiba wangu wa Mombasa, jirani yetu, mswalihina ambaye hajawahi kuonja pombe. Ametoa masharti: isiwe Ijumaa, apikiwe pilau, na soseji za nguruwe za Wajerumani wa Barossa tuzile mbali na gari lake. Nilipomshukuru kwa kukubali kukosa raha kwa ajili yetu, alinitazama. "Nyinyi mnalipa, mnasukutua, mnatema. Halafu mimi ndiye ninayekosa raha?"

Kwa hiyo ni viwanda vitatu. Zaidi ya hapo ulimi unakufa ganzi, kila kitu kinakuwa chekundu tu, na ndipo watu huanza kununua makasha ya chupa ambayo asubuhi yake hawakumbuki waliyapenda kwa nini. Na vingi hufunga saa kumi na moja jioni, vingine saa kumi. Jua halijazama na wewe umeshaambiwa kwaheri.

Kabla ya hivyo vitatu, tutapitia kanisani. Usishangae. Bonde hili ni la Walutheri wenzako. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, aliwaunganisha kwa nguvu na Wakalvini na kuwapa utaratibu mpya wa ibada. Wakagoma. Mchungaji August Kavel akaja na kundi la kwanza huku Australia Kusini mwaka 1838, na mwaka 1842 wenzao wakaanzisha kijiji cha Bethany, pale pale Barossa. Watu walivuka bahari kwa sababu ya liturujia! Wewe uliyesusia vikao vya kwaya kwa ajili ya kinanda cha umeme utawaelewa kuliko mimi. Tarumbeta nazo wanazo, Tanunda wana bendi yao. Na upande wa milimani, Eden Valley, kuna kanisa la Gnadenberg, na mbele yake shamba la familia ya Henschke liitwalo Hill of Grace, lenye mizabibu iliyopandwa miaka ya 1860. Chupa moja ya pale ni bei ya ng'ombe. Shamba tutalitazama tukiwa barabarani, tutasali kidogo, tutaondoka.

Nasema barabarani kwa makusudi. Najua mkulima akiona shamba lazima aingie, ashike jani, achimbue udongo kwa kidole. Hapa usijaribu. Kuna mdudu mdogo aitwaye filoksera, anakula mizizi ya mizabibu. Aliangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, na majimbo jirani ya huku alifika. Australia Kusini hajafika, na hawataki aingie na kiatu cha mtu. Ndiyo maana kiwanda chetu cha kwanza, Langmeil, bado kinavuna Shiraz kwenye mizabibu ya mwaka 1843. Wamisionari wa Leipzig walipofika kwetu Kilimanjaro mwaka 1893, mizabibu hiyo tayari ilikuwa na miaka hamsini. Kwa hiyo buti za shamba ziache Machame. Na ule ulezi unaotaka kuja nao utupikie pombe ya mbege, uache pia, maana uwanja wa ndege hawana utani na mbegu.

Kuhusu kwamba Machi ni Kwaresima, hilo mmalizane na mchungaji.

Kiwanda cha pili ni kidogo, tutakula hapohapo. Cha tatu ndicho kimenifanya nikuandikie leo. Kinaitwa Seppeltsfield, cha tangu 1851. Njia za kufika huko zimepandwa mitende karibu elfu mbili. Katika ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 wenye kiwanda hawakufukuza wafanyakazi, waliwapa kazi ya kupanda miti. Swahiba wangu aliposikia mitende akauliza tende zake zikoje. Nikamwambia ni ya mapambo. Amesikitika mpaka leo.

Mwaka 1878 Benno Seppelt aliweka pipa la mvinyo mtamu na kuagiza lisiguswe mpaka litimize miaka mia. Tangu hapo kila mwaka umewekewa akiba yake, bila kuruka hata mmoja, na mgeni anaweza kuonjeshwa mvinyo wa mwaka aliozaliwa.

Sasa Baba, tuweke mwaka gani? Pasipoti inasema 1955, ambao najua ndio mwaka uliozaliwa kazini ili kustaafu kuchelewe. Kwenye mbege ulizaliwa 1948, ili kata ya pombe ianzie kwako. Bibi, Mungu amrehemu, yeye alisema ni mwaka wa nzige na hakutaka maswali. Hawa watu hawana pipa la mwaka wa nzige. Mwaka wenyewe nataka kuutaja ninapoweka nafasi, na nafasi za Machi zinakwisha haraka kwa kuwa ni msimu wa mavuno.

Nijibu wiki hii. Ila ushauriane kwanza na Mama Mdogo, maana tiketi zenu ninazo hapa mezani, na kwa mujibu wa pasipoti, siku ya harusi yenu yeye alikuwa amekuzidi miaka miwili.

Mwanao