Barua ya Wazi kwa Hazina: Harambee ya Wahandisi Ifanyike Port Bell

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Fedha,
Kampala.

YAH: KUWASAIDIA MSITOE FEDHA

Waheshimiwa,

Nawaamkia kutoka Port Bell, huku mwisho wa reli, ninakouzia mukene, yaani dagaa. Siku hizi vyuo vyetu vya umma vinahimizwa vijitafutie wafadhili. Ni sawa kabisa. Mhandisi asiyejua kutembeza bakuli atajengaje daraja?

Naomba basi hafla ya kuichangia shule ya uhandisi ya Makerere ifanyike hapa gatini. Msikodi hoteli, maonyesho tunayo. Wageni wataonyeshwa kwa kidole upande wa visiwa vya Ssese, walikotenganishwa meli ndugu MV Kabalega na MV Kaawa: mwaka 2005 ndugu hao wawili waligongana, Kabalega ikazama. Wageni hawataona kitu, ila kiingilio ni kilekile. Meli zote mbili ziliundwa Ubelgiji. MV Umoja, inayotutembelea kutoka Mwanza, iliundwa Scotland miaka ya 1960. Ziwa tu ndilo la kwetu.

Nalo lina vituko vyake. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi bandarini, na kisiwa kinachoelea kikaenda kukwama kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja. Nchi nzima ikakosa umeme. Siku ile hakuna aliyeuliza tuna wahandisi wangapi. Tuliulizana mishumaa.

Haraka ya nini, hata hivyo? Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, vijana 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kitivo cha Teknolojia, cha kufundisha wahandisi, kikaja 1970. Miaka 48 si mingi kwa mwenye subira.

Nasikitika kwamba serikali iliwahi kuteleza, ikatoa fedha. Mwaka 2011 Makerere ikaliendesha hadharani Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. 2016 likafuata Kayoola, basi la nguvu za jua. Ndiyo hasara ya kutoa fedha: watu wanazoea kupata matokeo.

Kuhusu vyombo vya kukusanyia michango, msiwe na shaka. Mwaka 2013 vijana wa Busoga walipewa na Rais shilingi milioni 250 ndani ya gunia. Magunia ninayo. Yananuka mukene kidogo, lakini hayana tundu.

Mzaha kando, Waheshimiwa. Ahadi za usiku mmoja haziendeshi maabara. Mashine ya kupimia uimara wa chuma inataka umeme, vipuri na fundi anayelipwa kila mwezi, na mfadhili akishapigwa picha harudi kuulizia vipuri. Bajeti husomwa Juni. Wekeni humo fungu la shule za uhandisi, la vifaa na la matengenezo yake, kila mwaka, na kiasi chake kisomwe kwa sauti tukisikie hadi huku gatini.

Wenu mtiifu,
Muuza mukene, Port Bell