Sifa za Kioo Chenye Msimamo

Watu husifu injini ya Land Rover ya zamani, chesisi yake, hata jinsi inavyokwea mlima ikilalamika. Kioo cha mlango hakuna anayekitaja. Leo nakisifu mimi, tena kile kilichokwama, maana katika nchi ya wenye kuyumba, chenyewe kina msimamo.

Nasema kile cha Series II na III, hasa ile ndefu ya 109 iliyobeba mabwana shamba, mapadri na wagonjwa. Hakina mkono wa kuzungusha: unakisukuma, kinateleza kando ya mwenzake. Kuteleza huko ni maneno ya kiwandani. Mfereji wake umetandikwa kitambaa chenye manyoya, na kitambaa hicho ni mtunza ghala hodari. Vumbi la Longido, pumba za mahindi, mbegu za nyasi, nyuki aliyefia safarini mwaka juzi, vyote vimo. Mvua ikinyesha, mchanganyiko unagandamana, na penye ukungu wa kutosha unaota kitu cha kijani. Gari gani la kisasa hukupa bustani dirishani?

Tuwapongeze Waingereza. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu kwa sababu ya vita, wakaunda bodi kwa aluminiamu. Fremu ya dirisha wakaipa chuma. Yaani karibu bodi nzima inyimwe kutu, dirisha liruhusiwe! Na halikuwa choyo: chuma kikigusana na aluminiamu penye maji, aluminiamu nayo huliwa, ikatoa unga mweupe.

Halafu adabu. Kioo kikikwama kimefungwa, trafiki akikusimamisha huwezi kumjibu kupitia upenyo kama bwana mkubwa. Utafungua mlango, utateremka, utamwamkia. Kikikwama wazi, mkurugenzi na utingo wanafika wote na nyusi nyekundu. Nimesoma sera nyingi za usawa zisizofika hapo.

Sasa fundi. Kwa spana ya inchi (ya milimita itamega kona za nati) anafungua nati mbili, anang'oa nusu ya juu ya mlango, anailaza juu ya gunia. Hapo ndipo skrubu za mfereji zinapoonyesha ukoo wao: vichwa vimelika, miili imeungana na fremu. Anadondoshea mafuta, anagonga mpini wa bisibisi taratibu, anaenda kunywa chai. Anarudi, anagonga tena. Mwenye haraka atakiona: kioo hiki kilichomwa kikapozwa ghafla kwa upepo, hakikatwi wala hakitobolewi, na nyundo ikigusa ukingo wake kinamwagika chote kwa mpigo, punje butu mapajani mwa fundi. Hata kikifa, hakitaki kumkata mtu vibaya.

Mfereji ukikwanguliwa, ukapigwa rangi na kutandikwa kitambaa kipya, kioo kinasogea kwa kidole kimoja. Mwenye gari anakenua. Shimo la kwanza barabarani, kinajifungua chenyewe. La pili, kinajifunga. Kufika stendi, kijana yeyote anaweza kukisukuma, akaingiza mkono na kuondoka na koti, jambo ambalo miaka yote ya kukwama halikuwahi kutokea. Jioni hiyo mwenye gari anarudi gereji kuomba kipande cha mbao. Fundi anamchongea kabari, anaipigilia kwenye mfereji mpya, na hamtozi kitu.