Jinsi ya Kuyafuga Majimoto Ndani ya Kompyuta

Mwongozo huu ni wako, kijana wa Busale mwenye kompyuta mpakato na hamu ya kujua majimoto ya ukanda wa Mbaka yanapita wapi chini ya ardhi. Huko ndiko Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania inakotafuta nishati katika mradi wa Kiejo-Mbaka.

1. Zima kompyuta. Tafuta mwenyeji azijuaye chemchemi, mfuate kwa miguu. Pima joto na wingi wa maji, masika na kiangazi. Kipimo usichokichukua, hakuna programu itakayokukopesha.

2. Panda mlimani. Kilele cha Rungwe kinakaribia mita 3,000 na Ziwa Nyasa haliko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Tofauti hiyo ndiyo inayoyasukuma maji. Mfaransa Henry Darcy aliyapima maji yakipenya mchangani mjini Dijon, akachapisha kanuni yake mwaka 1856: mtiririko hufuata msukumo na wepesi wa mchanga kupitisha maji.

3. Mshukuru Darcy, lakini usimsujudie. Mwamba wa bonde la ufa si mchanga wa kwenye bomba, umepasuka. Mwaka 1960 mtafiti Barenblatt na wenzake huko Urusi walitoa wazo la kuuhesabu mwamba mara mbili mahali pamoja: vitundu vyake ni ghala, nyufa zake ni barabara. Ukisahau ghala, maji yatakwisha mapema kwenye hesabu. Ukisahau barabara, hayatafika.

4. Uheshimu ufa mwembamba kama unywele. Ufa laini ukiongezeka upana mara 2, hupitisha maji mara 8, msukumo ukibaki uleule. Ufa mmoja wa milimita 1 hufanya kazi ya nyufa 1,000 za milimita 0.1. Kosa dogo la upana ni kosa kubwa la maji.

5. Usijifanye umeziona nyufa zote. Chora zile kubwa zilizopimwa na wanajiolojia, ndogo uzibahatishe kwa takwimu, kisha washa kompyuta na uendeshe modeli, yaani hesabu hizo zote pamoja, mara nyingi. Jibu la kweli lina kiwango cha chini na cha juu. Atakayekudai namba moja, mpe zote mbili.

6. Itahini modeli kwa mambo ya jana. Eneo la jotoardhi la Olkaria nchini Kenya lilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na katika miaka hiyo ya 1980 watafiti Bodvarsson na Pruess waliilinganisha modeli yao ya eneo hilo na historia ya visima kabla ya kutabiri. Kila kisima kipya kikichorongwa, itahini tena.

7. Rudi kijijini, ueleze kwa Kiswahili au Kinyakyusa chemchemi ipi inaweza kupungua na kwa nini. Modeli asiyoweza kuihoji mkulima wa kakao anayeishi juu ya mwamba huo bado haijakamilika.