Carina yenye Viti vya Athlete

Mfyuuu! Dar hii bwana. Gari boneti imepauka, bampa la mbele limeshikwa na waya, tairi mbili kipara, halafu mwenyewe anakuja kijiweni asubuhi asubuhi anafungua milango yote minne, eti anapitisha upepo. Upepo gani? Anataka tuone viti. Ngozi nyeusi, vya umeme, vimeng'olewa kwenye Crown Athlete iliyokula mzinga wa nyuma, vikapachikwa kwenye Carina TI. Watu wakaacha kahawa ipoe. Hata muuza kashata aliacha sinia lake akaja kukalia. Akabonyeza kitufe, kiti kimya. Akabonyeza tena. "Waya bado," akasema mwenye gari, "fundi anamalizia kesho."

Kesho ya fundi! Haya, hiyo tuiache.

Simcheki kwa kutaka kukaa vizuri, nisieleweke vibaya. Carina hizi za T210 zilitengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2001. Piga hesabu mwenyewe. Sponji ya kiti cha dereva imekaliwa robo karne, imelala upande wa mlangoni ambako kila anayeingia anajitupa, na anayeshinda kati ya Mbagala na Tegeta anashuka jioni kashika kiuno. Kununua gari jingine? Ukiagiza la zamani unakutana na ushuru wa uchakavu, ukiagiza jipya unakutana na bei yake. Kwa wenzetu Kenya ndiyo kabisa, gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa. Kwa hiyo watu wanabaki na chuma chao na kukikarabati kutoka ndani kwenda nje. Mimi naona ni akili.

Tatizo ni kwamba watu wanakichukulia kiti cha gari kama kochi, ukishalipitisha mlangoni kazi imekwisha. Kiti cha gari kina miguu minne, na kila mguu una tundu lake na boliti yake, ambayo kwenye Toyota nyingi unaifungua kwa spana namba 14. Kama matundu ya kiti na ya sakafu yanakutana, kazi ni ya nusu saa na soda. Yasipokutana, ndipo utakapomjua fundi wako.

Na yatakutanaje? Crown inasukumwa na magurudumu ya nyuma, chini yake linapita shafti, sakafu ya katikati imeinuka, na miguu ya kiti imepindwa kuifuata hiyo sakafu. Carina inavutwa na magurudumu ya mbele, sakafu yake ina umbo lake. Nikainama na tochi ya simu. Weeee! Mguu wa mbele wa ndani umekaa juu ya nati tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, boliti ndefu imepita katikati yake kama mshikaki, maana bila hivyo kiti kinalala upande. Miguu ya nyuma haikufika kabisa kwenye matundu, kwa hiyo kimewekwa kipande cha bamba la chuma, kikachomelewa upande mmoja kwenye reli na upande wa pili kwenye bati la sakafu, halafu yote yakapigwa rangi nyeusi ya kopo. Rangi imefunika vizuri. Fundi anajua kupaka rangi, hilo nampa.

Sasa nyie mnaosema "mradi hakichezi", nisikilizeni. Bati la sakafu ya gari dogo kwa kawaida halifiki hata milimita 1 unene. Kiwandani hawalitegemei hilo. Chini ya kiti kunapita boriti ya chuma kutoka ubavu hadi ubavu, na nati zimechomelewa humo tangu gari linazaliwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za viti vya magari, na za Marekani vilevile, zinataka kiti na vifungio vyake vihimili nguvu ya mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Kiti cha umeme, pamoja na mota na reli zake, kinafika kilo 25 bila shida. Mara 20, hiyo ni kama kilo 500 zinazotaka kung'oka kwenda mbele, na mtu bado hajakaa. Mkalishe mtu wa kilo 70 kwenye kishindo hichohicho, yeye peke yake ni kilo 1,400. Halafu wewe umenichomelea kipande cha bamba kwenye bati la kukatika kwa mkasi!

Na kuna jambo ambalo kijiweni alilikumbuka mzee mmoja tu, aliyeendesha teksi enzi za Peugeot 504.

"Mwanangu, mkanda unauchomeka wapi?"

"Shikamoo mzee. Si hapa?" Kijana akavuta mkanda, akaupeleka kwenye kifungio kilichokuja na kiti cha Athlete. Ulimi ukagoma. Akaugeuza. Ukagoma. Ulimi wa Carina na kifungio cha Athlete havijawahi kutambulishana.

"Huwa naupitisha tu hivi," akasema, akaukalia. Mfyuuu.

Mkanda wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo, ukaanza kuwekwa kwenye magari mwaka 1959, na tangu siku hiyo kazi yake haijabadilika: kumshika mtu kwa sehemu tatu zilizofungwa kwenye mifupa ya gari. Magari mengi ya zamani kifungio kilishikiliwa na sakafu, pembeni ya kiti, kiti chenyewe hakikuhusika. Ya miaka ya karibuni mengi yamekihamishia kwenye fremu ya kiti, ili kiende nacho mbele na nyuma. Maana yake, siku ya ajali mzigo wa mtu unapita kwenye mkanda, unaingia kwenye kifungio, unashuka kwenye reli, unaishia kwenye miguu ya kiti. Ile yenye nati tatu. Wenzetu Kenya waliposimamia sheria za waziri wao wa uchukuzi, Michuki, Februari 2004, kila abiria wa matatu alitakiwa awe na mkanda wake, na sheria ilikuwa njema. Lakini mkanda hauna nguvu yake binafsi, nguvu unaazima kwa kile ulichofungwa nacho.

Hii ya umeme nisiikawize sana. Kiti cha umeme hakina kishikio cha kuvuta. Bila moto hakiendi mbele wala nyuma, na kama kilizima kimeegemea nyuma, basi utaendesha umelala. Kijana wetu fundi amemwahidi kuchukua moto kwenye waya wa redio. Waya wa redio! Mota za kiti kwa kawaida zina fyuzi yake ya ampea 20 au 30, redio inakula kidogo tu. Siku akitaka kusogea mbele akiwa anasikiliza taarabu, kimoja kitazima, na tuombe kiwe fyuzi. Mota hizo pia zinanenepesha kiti kwa chini. Kijana si mrefu, lakini sasa kichwa kinasugua dari na usukani umeshuka mapajani.

Ila kinachonitisha kuliko nati, kuliko redio, ni soketi ya njano chini ya kiti. Mwaka 1994 Volvo walianza kuweka eabegi ubavuni mwa kiti, kwenye 850, na wengine wakafuata. Leo kiti cha gari la miaka ya karibuni kina uwezekano mkubwa wa kuwa na eabegi ndani ya ule mshono wa upande wa mlangoni, pengine na kalebo kadogo ambako watu hukabandua kwa kuwa kanaharibu ngozi. Eabegi halipulizwi na pampu. Kuna kopo la gesi na baruti yake, na linaamshwa na umeme kidogo sana unaopita kwenye soketi hiyo. Fundi wa kwetu akiona waya asioujua anafanyaje? Anaweka testa. Toyota katika vitabu vyao vya mafundi wanasema uchomoe waya hasi wa betri, usubiri angalau sekunde 90 ndipo uguse chochote cha eabegi. Gereji gani ya chini ya mwembe umeona mtu anasubiri sekunde 90? Hata chai haisubiriwi hivyo.

Na ukikitia kiti hicho kwenye Carina ambayo haikuumbwa na eabegi la ubavuni, umebeba baruti isiyo na kazi. Hailipuki kukuokoa, maana hakuna kompyuta ya kuiamuru. Ipo tu, inakungoja wewe au fundi wa kushona siti mwenye sindano ndefu. Kinyume chake nacho ni kibaya: gari lenye eabegi za ubavuni ukilivisha kiti kisicho nazo, taa inawaka kwenye dashibodi, na hapo anatokea mjanja wa kubandika solotepu nyeusi juu ya taa. Kuna na hili la sitikava. Watu wanavisha viti sitikava nzito iliyoshonwa ikafunga ubavu mzima, eabegi likitaka kutoka linakuta mlango umezibwa. Afadhali basi wale wanaoacha nailoni ya kiwandani mpaka inachanika yenyewe. Wanatoka jasho, lakini mshono unapumua.

"Sasa unataka tukae kwenye sponji iliyokufa?" Aliniuliza kijana, na kwa kweli alikuwa kakasirika.

Hapana. Kwanza, mshona siti mzuri anakutolea gamba, anakata sponji mpya nzito, anarudisha kiti kwenye miguu yake ileile, na unabaki na mkanda wako. Wengi hawajui kama kiuno chao kilihitaji sponji tu. Pili, kama lazima kiti cha kuhamisha, tafuta cha ndugu wa damu. Carina ya T210 na Corona Premio ya miaka ileile ni mtu na ndugu yake, mfupa wa chini ni mmoja, na Premio ilikuja na viti vya kistaarabu. Mark II, Chaser na Cresta za X100 ni watoto wa tumbo moja. Corolla ya 110 ilijengwa juu ya mifupa ya 100. Humo ndimo pa kutafutia kiti kipya zaidi kwa gari lako la zamani. Athlete yaacheni yakae kwenye Athlete, na ngozi nyeusi kwenye gari lisilo na AC, kwenye joto la Machi, utajua mwenyewe mapaja yatakavyokujibu.

Kabla ya kwenda Gerezani kununua kiti, pima gari lako kwa futi: tundu hadi tundu kwa upana, tundu hadi tundu kwa urefu, uandike. Ukifika usipumbazwe na ngozi, kipindue kiti, upime huko chini. Angalia kama kuna soketi ya njano, ikiwepo, pita. Angalia kimetoka upande gani, maana mzigo unaopitia Dubai una viti vya magari ya usukani wa kushoto, na kiti cha dereva wa huko ukikileta kwetu vitufe vyake vinataka mlango wa abiria, kwa hiyo anayestarehe ni shemeji yako. Ukifika mtaani humo, tazama na taa zako za nyuma kama bado zipo, usije ukauziwa.

Na udai reli zake na boliti zake. Boliti ya kawaida ya hadwea yenye 4.6 kichwani ina nusu ya uwezo wa yenye 8.8, hata kama unene ni ule ule, na ukifunga kiti huwezi kuona tofauti. Muuzaji atakwambia, "Boliti, bosi wangu, zipo kila mahali." Mwambie basi akupe hizo zake bure, yeye abaki na za kila mahali. Hatakubali, maana anajua bei yake.