Namna ya Kushinda na Njaa Ukiwa Umekula

Kukaa na njaa bila kula hakuhitaji fundi. Ufundi ni kushiba saa moja asubuhi, halafu saa nne tumbo lingurume katikati ya kikao, bosi anyamaze, wote wakutazame wewe.

Msingi ni maandazi manne na chai ya rangi yenye sukari ya kueleweka. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kilokalori 240, wakapima shibe kwa saa mbili. Mkate mweupe waliupa alama 100. Samaki alipata 225, nyama ya ng'ombe 176, mayai 150. Kruasani, binamu wa andazi aliyesomea Ulaya, iliambulia 47. Andazi halikualikwa, lakini ukoo unajulikana. Viazi vya kuchemsha, ambavyo hata protini ya kujivunia havina, viliongoza kwa 323, kwa hiyo ukiwa na viazi vikaange haraka: chipsi zilishuka hadi 116.

Kituoni utamkuta kijana wa mayai ya kuchemsha. Mpite macho mbele. Usitazame anavyolimenya yai kwa kidole gumba, akalipasua katikati, akalishindilia kachumbari, akalinyunyizia pilipili ya chupa yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Yai moja lina kama gramu 6 za protini. Ukila mawili mpango wote umeharibika. Protini ikishafika utumboni, utumbo hutoa homoni kama GLP-1 na PYY, nazo hukimbiza umbea hadi ubongoni kwamba mwenye tumbo kashiba.

Kama protini huna budi, basi inywe. Watu wa gym wana ndoo za unga wenye picha ya mtu asiye na shingo. Mara nyingi ni wei, yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. Wei huingia damuni upesi na kupungua upesi. Kaseini, ambayo ni karibu asilimia 80 ya protini ya maziwa ya ng'ombe, huganda tumboni kwa asidi na kuachia polepole kwa saa nyingi. Watafiti wa Ufaransa walilionyesha hilo mwaka 1997. Ila wei nayo ni msaliti: kwenye jaribio moja la Uingereza, waliokunywa wei walikula kidogo kuliko wa kaseini walipofika mezani dakika 90 baadaye. Basi inywe alfajiri, imalize vituko vyake kabla ofisi haijafunguliwa.

Sasa adui mkubwa: maharage. Huko Copenhagen vijana wa kiume 43 walipewa milo ya maharage na njegere siku moja, nyama ya ndama na nguruwe siku nyingine. Baada ya maharage na njegere walikula pungufu kwa asilimia 12 kwenye mlo uliofuata. Cha kuudhi zaidi, hata mlo wa kunde uliopunguzwa protini ulishibisha sawa na nyama. Huenda ni nyuzinyuzi hizo. Kwa hiyo mama ntilie akiuliza, "Nikuwekee maharage, baba?" jibu kwa heshima, "Mchuzi tu, mama." Ukiwa Mombasa kuwa macho zaidi, maana mahamri huletwa na mbaazi za nazi, kula mahamri, mbaazi mwachie jirani.

Kuhusu ubishi wa samaki na nyama, nani anashibisha zaidi, usijichoshe. Kwenye sahani ya mtaani kipande chenyewe ni kidogo kuliko ubishi.

Ukifuata haya, saa nne kasorobo utakuwa tayari. Mwenzako wa meza ya pili ana karanga kwenye droo, na karanga zina protini na nyuzinyuzi vyote viwili. Akikukaribisha, shukuru, kisha muulize kama hana biskuti.