Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Filamu Tanzania

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima na taadhima, mimi mtazamaji wa kawaida wa Buhemba, wilayani Butiama, naomba dakika zako chache. Zikizidi, nisamehe, urudi kwenye kazi za taifa.

Bodi yako, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, husoma mswada kabla kamera haijawashwa. Sisi wa kibanda umiza tunapokea kinachotufikia, na kinachotufikia, kwa ruhusa yako, kinafanana mno. Stelingi anashuka garini, simu sikioni, anamfokea mtu kuhusu mkataba. Hajakaa bado, tumeshajua jina lake, kazi yake na nani anamdai. Akiingia mwanamke, kamera inaanzia kwenye kisigino cha kiatu, inapanda taratibu kama fundi bomba anayetafuta penye kuvuja, na ikifika usoni imeshachoka. Jina tutalisikia mwanamume akimwita. Kazi yake? Mara nyingi filamu inakwisha tukiwa tunaisubiri.

Sidai kwamba mambo haya tumeyaanzisha sisi. Mwaka 2016 mtayarishaji wa filamu wa Marekani, Ross Putman, alianza kuanika Twitter jinsi miswada aliyoisoma ilivyowatambulisha wahusika wakuu wa kike, majina yote akayageuza kuwa Jane. Akina Jane wengi walikuwa wazuri, na baadhi, eti, uzuri wenyewe hawaujui. Sisi tumeiga tu, Mheshimiwa, na tumeiga kwa bidii.

Nathubutu kusema, huku nimepiga magoti, kwamba wachimbaji wadogo wa hapa kwetu wametutangulia katika hili. Mwanamke anayefika kwenye karasha la kusaga mawe na kiroba cha mawe kichwani, vumbi hadi kwenye kope, ukiuliza ni nani utaambiwa mawe yake yametoka duara (shimo) lipi na kama analipa madeni. Viatu vyake hakuna anayevitaja. Na wasanii wetu wakitaka wanaweza: filamu ya Binti ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte, imesimama juu ya wanawake wanne, na Tumaini tunamjua kwa duka lake na deni lake.

Sikuombi uifungie filamu yoyote. Kufungia najua mnakuweza. Naomba tu msomaji wenu wa miswada, kila mwanamke anapoingia kwa mara ya kwanza, aandike pembeni kwa kalamu nyekundu: "Anafanya nini?" Mwandishi akikosa jibu, arudishiwe karatasi zake kwa upole.

Na siku ukiletewa mswada wa maisha ya Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, tafadhali sana, mkewe, Mama Maria, aingie na chaki mkononi. Naye alisomea ualimu.

Wako mtiifu,
Mtazamaji, Buhemba