Dawa ya Malaria Ipandishwe Cheo Iwe Soda

Kwa: Bodi ya Famasia na Sumu, Nairobi

KUH: OMBI LA KUHAMISHIA VIDONGE KATIKA KUNDI LA VINYWAJI

Bodi tukufu,

Wakazi wa Kitengela wanaipongeza Serikali kwa jinsi inavyolinda maji. Tangu Novemba 2019, chupa ya maji inayouzwa hapa kwetu Noonkopir haina budi kuwa na stempu ya ushuru. Mnunuzi mwenye shaka huielekezea kamera ya simu, na programu ya Soma Label ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) humwambia kama ni halali. Sigara na pombe kali zilitangulia, mwaka 2013. Mlevi wa Kajiado analindwa barabara.

Mwenye homa ndiye aliyesahaulika. Akivuka barabara ya Namanga na kuingia kemisti, muuzaji hufungua boksi, hukata ukanda wa vidonge kwa mkasi, hutia vipande katika kibahasha na kuandika juu yake 1x3 kwa kalamu. Hayo ndiyo maandishi anayokwenda nayo nyumbani. Jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki rafuni pamoja na boksi. Dawa haitozwi ushuru wa bidhaa kama soda. Labda ndiyo sababu hakuna aliyeona haja ya kuihesabu moja moja.

Si kwamba boksi halina alama. Mengi huja na kiraba cha vitone vyeusi na vyeupe, na mteja mtundu akikipiga skani hupata msururu wa tarakimu: 01 na namba ya bidhaa, 17 na tarehe ya mwisho, 10 na toleo, 21 na namba ya boksi lenyewe. Taarifa safi kabisa, ambayo yeyote mwenye printa anaweza kuichapa.

Tiba yake ni saini ya kidijitali. Mtengenezaji hutia saini tarakimu hizo kwa ufunguo wa siri alio nao yeye peke yake, na simu huikagua kwa ufunguo wa wazi anaopewa kila mtu, hata pasipo mtandao. Tarakimu moja ikiguswa, saini inakataa. GS1, shirika linalopanga alama hizi duniani, limekwisha kutenga namba 8030 kwa kazi hiyo. Kweli, mwizi anaweza kunakili kiraba kizima, saini na yote, akakibandika kwenye maboksi elfu. Hapo ndipo rejista inapohitajika: boksi likiuzwa, namba yake inafungwa, na likija la pili lenye namba ileile muuzaji anaonywa. Uturuki ilianza kuwa na rejista ya namna hiyo mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya tarehe 9 Februari 2019.

Bodi isidhani watu wa Kitengela wanajitafutia hofu. Mwaka 2011 ARV bandia zenye jina la Zidolam-N zilikutwa humu humu nchini, mikononi mwa wagonjwa waliozitegemea waishi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia.

Bunge nalo lilijitahidi. Sheria yake ya bidhaa ghushi ya mwaka 2008 ilieleza ughushi kwa upana hata dawa halali za bei nafuu zikawa hatarini kunaswa, mpaka wagonjwa watatu wakaenda Mahakama Kuu na Jaji Mumbi Ngugi akawapa haki Aprili 2012. Saini haina matata hayo. Huuliza nani katengeneza, bei haiihusu.

Kwa hiyo Bodi inaombwa itangaze vidonge vya malaria kuwa soda, mara moja. Kiraba kichapwe nyuma ya kila kidonge ukandani, mahali ambapo mkasi hauwezi kukitenga na dawa. Na afisa aliyeko mpakani Namanga apewe simu inayosoma boksi lililotoka Tanzania sawasawa na lililotoka Nairobi.

Wenu katika homa,
Wakazi wa Kitengela

Nakala: KRA (kwa taarifa tu, kinachoazimwa ni stempu, si ushuru)